Muulize Mwalimu: Kiriba "cha kuoza" kilichogoma kuoza

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mkulima wa Marangu, nina kahawa na migomba kwenye kihamba alichoniachia baba. Mwaka juzi nilinunua viriba vya kuoteshea miche. Muuzaji aliniambia hivi si vya nailoni, vimetengenezwa na bakteria kwa mahindi, vinaoza, kwa hiyo mche unapandwa na kiriba chake bila kuchana. Masika ya mwaka jana nikapanda miche 140 hivyo hivyo. Mpaka leo imedumaa, majani ya njano. Wiki iliyopita niling'oa mmoja, nikakuta kiriba kipo, kimetoboka-toboka tu, na mzizi mkuu umejisokota ndani kama kamba ya kisima. Nimekuwekea vipande viwili kwenye bahasha, kimoja kilichotoka ardhini na kimoja kipya kilichobaki stoo. Naomba unijibu: bakteria anatengenezaje plastiki? Na kama yeye ndiye fundi wake, mbona anashindwa kuiozesha? Au udongo wangu umekufa?

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole kwa hasara. Udongo wako haujafa. Bahasha ilifika salama, na kwa kuwa nusu ya swali lako linajibika jikoni, nilianzia huko.

Nilikata kipande kipya, ukubwa wa stempu, nikakipaka sabuni kidogo. Sabuni ni muhimu, maana hata wembe huweza kulala juu ya maji usizame, ukikosea utadhani ni mwepesi. Nikakizamisha kwa kijiko hadi chini ya glasi, nikakiachia. Kikapanda juu kama kizibo. Nikarudia mara tatu, mjukuu wangu akihesabu, mara zote kikapanda. Hapo moyo wangu ulishaanza kukupa pole. Plastiki inayojengwa na bakteria mwanzo hadi mwisho ina uzito wa gramu 1.25 hivi kwa kila sentimita moja ya ujazo, yaani ni nzito kuliko maji, inazama. Ile ya asidi ya laktiki, nitakayokueleza mbele, nayo inazama. Polithini, ambayo sisi huku tunaiita nailoni, ina gramu 0.92 hivi. Hiyo inaelea.

Kisha nikachukua ayodini, ile ya vidonda, nikadondosha tone kwenye ukingo niliotoka kuukata. Baada ya dakika chache ukingo ukawa bluu ya kukoza, karibu nyeusi. Huo ni wanga. Nikafanya vivyo hivyo kwa kipande kilichokaa ardhini. Kikabaki na rangi ya kahawia ya ayodini yenyewe, hakuna bluu.

Kwa hiyo muuzaji wako hakusema uongo mtupu. Mahindi yamo, au muhogo, siwezi kuvitofautisha kwa ayodini. Ulichouziwa ni polithini ya kawaida iliyokandwa pamoja na unga wa wanga. Kilipoingia udongoni, bakteria na ukungu wakatoa kimeng'enya kiitwacho amilesi, ndugu wa kile kilichomo kwenye mate yako. Ukitafuna ugali mkavu muda mrefu bila kumeza utausikia unakuwa mtamu. Hiyo ni amilesi inakata wanga kuwa sukari. Udongo wako ulifanya kazi hiyo hiyo, ukala wanga wote ukaumaliza, ndiyo maana kipande cha pili hakikugeuka rangi. Yale matundu uliyoyaona ni mahali wanga ulipokuwa. Polithini ikaachwa ilivyo, na mzizi wa kahawa hauna habari na matundu madogo namna hiyo.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe, ambalo nimelipenda sana. Nilifundisha vimeng'enya miaka 31, kidato cha pili hadi cha sita, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza mbona fundi hawezi kubomoa alichojenga. Jibu fupi ni kwamba anaweza, tena vizuri. Ila alichojenga si kiriba chako.

Wako bakteria wanaotengeneza plastiki kweli, na hawaitengenezi kwa ajili yetu. Kwao ni akiba. Mtazame kondoo wa Kimasai mnadani, ule mkia mnene umejaa mafuta aliyojiwekea kwa ajili ya kiangazi. Bakteria naye hupata msimu wa namna hiyo. Sukari imejaa tele, lakini nitrojeni imemwishia, au fosforasi. Bila nitrojeni hawezi kujenga protini, bila protini hawezi kugawanyika wakawa wawili. Afanye nini na sukari yote hiyo? Anaigeuza kuwa vipunje na kuvihifadhi ndani ya mwili wake. Mfaransa Maurice Lemoigne wa Taasisi ya Pasteur ndiye aliyetambua mwaka 1926 kwamba vipunje hivyo ni polimeri, yaani mnyororo mrefu wa kitu kimoja kinachojirudia. Jina lake ni polihidroksibutireti. Tuseme PHB tusije tukavunjika meno.

Bingwa wao anaitwa Cupriavidus necator, mkazi wa udongoni. Wataalamu wamembadilishia jina mara nyingi mno; ukisoma vitabu vya zamani utamkuta kama Alcaligenes, baadaye Ralstonia, utadhani ni mtu anayekimbia mikopo ya kausha damu. Akilishwa sukari nyingi na kunyimwa nitrojeni, anaweza kufika mahali ambapo ukimkausha, asilimia 80 ya uzito wake ni plastiki. Mafuta ya kondoo hayajafika huko.

Kazi yenyewe inafanywa na vimeng'enya vitatu, kila kimoja na zamu yake. Sukari ikishavunjwa ndani ya seli hubaki vipande vidogo vya kaboni mbili-mbili, kila kimoja kikiwa kimebebwa na molekuli iitwayo koenzaimu A, kama mzigo mgongoni mwa punda. Kimeng'enya cha kwanza huunganisha vipande viwili kuwa kimoja chenye kaboni nne. Cha pili hukiongezea hidrojeni, na hapo kipande kinapata mkono wa kushikia, oksijeni yenye hidrojeni yake. Cha tatu ndicho msusi. Umewahi kumwangalia dada anayesuka rasta? Vidole vyake haviachii msuko hata sekunde moja. Anaongeza unywele mpya huku ameshikilia ule wa zamani. Kimeng'enya cha tatu kina chembe ya salfa kwenye kiganja chake, na hapo ndipo mnyororo unaposhikiliwa. Kipande kipya kinafika na punda wake, kinaunganishwa, punda anaachiwa arudi kubeba kingine. Inaendelea hivyo mpaka mnyororo una maelfu ya vipande. Minyororo inajikusanya kuwa kipunje, na seli moja hubeba vipunje kadhaa, kama kunde ndani ya ganda lake.

Angalia jinsi vipande vilivyoungwa: kila baada ya kaboni chache kuna oksijeni katikati ya mnyororo. Kiungo hicho ndicho chenye siri. Kimeundwa na kimeng'enya, na vipo vimeng'enya vingine vinavyojua kuchomeka maji mahali hapo hapo na kukikata. Bakteria mwenyewe anacho kimoja ndani yake, anakitumia akiba inapohitajika. Na akifa, udongo umejaa bakteria wengine na ukungu wanaomwaga vimeng'enya vya kukata PHB nje ya miili yao, wanakinywa kile kinachotiririka, mwisho inabaki hewa ya kaboni dayoksaidi na maji. PHB imekuwepo udongoni siku zote, hivyo walaji wake nao wapo siku zote.

Polithini mnyororo wake ni kaboni kwa kaboni kwa kaboni, hakuna oksijeni hata moja katikati. Kimeng'enya cha kukata kwa maji hakina pa kuingilia. Ndiyo maana nikakwambia udongo wako haujafa. Umepewa kufuli isiyo na tundu la ufunguo.

Kuna ya tatu, iko katikati, na hiyo ndiyo inayowachanganya watu wengi. Ni plastiki ya asidi ya laktiki. Bakteria hapo wapo, wanachachusha sukari ya mahindi au miwa na kutoa asidi ileile inayogandisha mtindi. Lakini kazi yao inaishia hapo. Kuiunganisha kuwa plastiki kunafanywa na kiwanda kwa joto na kemikali. Inaoza, ndiyo, ila inataka lundo la mboji lenye joto la nyuzi 58 hivi, na lidumu wiki nyingi. Mimi nilipewa kikombe cha namna hiyo kwenye mkutano mmoja Arusha, kimeandikwa kwa kijani kwamba kinarudi kuwa mboji. Nikakifukia kwenye shimo langu la samadi hapa Kibosho. Misimu miwili ya mvua baadaye nilikitoa nikakisuuza, maandishi yanasomeka. Shimo la samadi la ng'ombe mmoja, huku juu kwenye baridi, halipati joto hilo. Sasa nakitumia kupimia mbolea ya kuku.

Najua utauliza mbona basi hatuuziwi viriba vya PHB chenyewe. Ni bei. Mtu anaweza kusema, molasesi si ipo hapo kiwanda cha sukari cha TPC, Arusha Chini? Ipo, na bakteria wanaipenda. Lakini unataka matangi yasiyoingia vijidudu vingine, hewa ya kupulizwa usiku na mchana, kisha uwapasue bakteria wenyewe ili utoe vipunje, uvisafishe, ukaushe. Polithini inatoka kwenye mafuta na gesi kwa gharama ndogo mara kadhaa kuliko hapo. Kampuni ya ICI ya Uingereza ilijaribu, na mwaka 1990 chupa za shampuu za plastiki ya bakteria zikaingia madukani Ujerumani. Hazikuishinda bei. Halafu PHB tupu ina ubishi wake: ni kavu, inavunjika kama biskuti, na inayeyuka kwenye nyuzi 175 hivi huku ikianza kuharibika si mbali na hapo, kwa hiyo fundi wa mashine ana nafasi ndogo ya kukosea. Walichofanya ICI ni kuwalisha bakteria asidi nyingine pamoja na sukari, basi msusi akachanganya vipande vya aina mbili kwenye mnyororo mmoja, ukawa laini zaidi. Yaani unabadilisha chakula, unapata plastiki tofauti. Hilo bado linanistaajabisha, na nimestaafu.

Kisheria muuzaji wako hana kosa la kuuza nailoni. Katazo la mifuko lililoanza tarehe 1 Juni 2019 lilihusu mifuko ya kubebea ya sokoni, vifungashio vya kilimo viliachwa nje. Kosa lake ni lile neno "kuoza". Siku nyingine muulize: kinaoza wapi, kwa miezi mingapi, kinabaki nini? Akisitasita kwenye la tatu, chana kiriba.

Kuhusu miche, nakuambia bila kukuzunguka. Mzizi mkuu uliojisokota haunyooki. Fukua kumi ya mistari tofauti uone. Iliyosokotwa yote ing'oe, toa nailoni yote usiache vipande kwa sababu ng'ombe wako atakuja kuvila kwenye majani, upande mingine masika yajayo. Kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungu hakiko mbali kwa miche bora. Mimi kwenye kitalu changu kidogo nimerudia maganda makavu ya mgomba, nayakunja tabaka mbili na kufunga kwa uzi wake mwenyewe. La nje linalegea mapema, la ndani linafika siku ya kupanda likiwa limechoka kabisa. Hayapendezi kama viriba. Mzizi unapita.

Swali: Habari za kazi Mwalimu. Kijana wangu amenisomea kwenye simu kwamba huko Japani wamegundua bakteria anayekula plastiki. Mimi nina simtanki la lita 5,000 hapa Sakina, Arusha, na mabomba yote ya nyumba ni ya plastiki. Wakifika huku si nitabaki na maji sakafuni?

Jibu: Nzuri mama. Nilicheka, lakini swali lako ni la haki.

Kijana wako amesoma sawa. Mwaka 2016 watafiti wa Japani walitangaza bakteria waliyemkuta katika mji wa Sakai, mahali wanapokusanya chupa kwa ajili ya kurejelezwa. Wakampa jina la mji, Ideonella sakaiensis. Anakula plastiki ya chupa za maji na soda, iitwayo PET. Anatumia vimeng'enya viwili. Cha kwanza kinakata mnyororo nje ya mwili wake, cha pili kinamalizia vipande.

Ukisoma jibu la mkulima wa Marangu hapo juu utaona kwa nini huna haja ya kuhama. PET ina oksijeni kwenye viungo vyake, na vimeng'enya vya bakteria huyo vinakata viungo vya aina hiyo. Simtanki lako ni polithini, mabomba pengine ni PVC, na mnyororo wa hizo mbili ni kaboni tupu. Hata hiyo PET yenyewe, huko maabara, kipande chembamba kama karatasi, kwenye nyuzi 30 za joto, kilichukua wiki sita hivi. Chupa ya kawaida ni ngumu zaidi kwake, maana minyororo yake imepangwa ikabanana.

Adui wa simtanki lako ni jua. Mionzi inakata minyororo taratibu, plastiki inapauka, inatoa vumbi jeupe ukiipapasa, halafu inapasuka kwenye mshono wakati uko kanisani. Lijengee kipaa. Na la rangi nyeusi linavumilia kuliko la rangi ya maziwa, kwa sababu ya kaboni iliyochanganywa ndani yake.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha tano Arusha, mchepuo wa Kemia na Baiolojia. Je, hivyo vipunje vya plastiki ndani ya bakteria tunaweza kuviona kwa hadubini ya shule? Tunayo yenye lenzi ya mafuta.

Jibu: Marahaba. Mnaweza, kama lenzi ya mafuta haijakwaruzwa na darasa lililotangulia.

Msihangaike kumtafuta Cupriavidus. Mtafuteni Bacillus megaterium, ndiye aliyemfunulia Lemoigne siri. Yuko kwenye udongo wa bustani ya shule, na ni mkubwa kwa viwango vya bakteria, ndiyo maana namchagua. Korogeni udongo kijiko kimoja kwenye maji masafi, chujeni, kisha wekeni kwenye maji ya moto ya nyuzi 80 kwa dakika kumi. Wengi watakufa, jamii ya Bacillus itabaki kwa sababu ina mbegu zinazovumilia joto. Pandikizeni kwenye aga, ile jeli ya kuoteshea vijidudu, yenye glukosi ya kutosha na chakula kidogo cha nitrojeni. Hapo mnamweka kwenye ile hali ya kondoo wa Kimasai kabla ya kiangazi.

Baada ya siku mbili tatu chukueni koloni pana, la rangi ya krimu, mpake kwenye kioo, mkaushe kwa moto. Rangi mnayoitaka inaitwa Sudan Black, ni rangi ya mafuta, inashika vipunje vya PHB na kuacha sehemu nyingine. Iyeyusheni kwenye spiriti, muiache juu ya kioo dakika kumi hadi kumi na tano. Kuisafisha kunatumia zailini. Hiyo aishike mwalimu wenu, dirisha likiwa wazi, ninyi msiiguse. Malizieni na safranini kidogo.

Mkifanikiwa mtaona vijiti vya waridi vimepangana kama mabehewa, na ndani ya kila kijiti vidoa vyeusi vya duara, vitatu, vinne, wakati mwingine vimejaa hadi kijiti kimevimba. Mimi mara ya kwanza nilidhani ni uchafu wa lenzi, nikaifuta mara mbili.

Vaeni makoti ya maabara. Sudan Black ikidondokea sare nyeupe, mama yako hataitoa kwa sabuni yoyote.